Kucha za Seremala

Mbele yake aliitwa Profesa. Nyuma yake, wodini na maabara, aliitwa Mama Tezi, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Ukimpa mkono kumsalimu, macho yake yanakwenda moja kwa moja shingoni kwako, na usipojihadhari vidole navyo vinafuata, vinapapasa chini ya taya vikitafuta uvimbe. Alishawahi kumpapasa bwana harusi mbele ya wakwe, akamwambia hana neno, ila akamwone daktari wa meno. Bwana harusi alienda, na jino likang'olewa.

Utani wote huo ulikoma ukimwona kazini. Miaka thelathini alikuwa amepambana na limfoma, saratani inayoanzia kwenye tezi na kuziharibu chembe zile zile zinazotulinda. Alikuwa ameandika makala mia moja na kumi na mbili kwenye majarida ya kitabibu, juu ya limfoma, juu ya kupandikiza uboho, ule ute wa ndani ya mifupa, na juu ya namna kinga ya mwili inavyomtambua mgeni na kumkataa. Watu wa mbali, wasiojua hata sura yake, hawakuandika za kwao bila kumtaja. Chuo kilikuwa kinazikusanya makala zote kwenye kitabu kimoja kinene, na ya kwanza kitabuni ingekuwa ile iliyompa jina, makala ya wagonjwa arobaini na mmoja.

Aliyemwamini Profesa kuliko watu wote alikuwa fundi wake wa maabara. Huyu aliitwa Shangazi na kila mtu, wakubwa kwa wadogo, kwa sababu alikuwa na mdomo wa shangazi: hakukosa la kukwambia, na akishakwambia anakuuliza kama umekula. Alikuwa amefanya kazi na Profesa miaka ishirini na sita, na alikuwa amebakiza miezi mitatu astaafu. Katika makala zote mia moja na kumi na mbili jina lake halikuwamo hata mara moja, wala hakuwahi kulitafuta. Ilimtosha kujua kwamba namba zilizomo ndani zilipita mikononi mwake.

Kazi yake ilikuwa kupima ulinganifu. Kila mtu ana alama zake kwenye chembe za mwili, na maabara ile ilizihesabu kumi. Ukitaka kumpandikizia mtu uboho wa ndugu yake, unalinganisha alama za wote wawili. Ndugu wa tumbo moja wanaweza kulingana kumi kwa kumi, au nusu, au wasilingane kabisa, na hapo hakuna cha kuomba wala kubembeleza. Chembe za ndugu zisipolingana na mwili zinamoingia, zinawaona wenye nyumba ndio wageni. Zinashambulia ngozi, zinashambulia matumbo, zinashambulia ini, na mgonjwa aliyepona saratani anakufa kwa tiba.

Asubuhi moja ya siku ya Jumatatu, Shangazi aliingia ofisini kwa Profesa na karatasi moja mkononi.

"Nimewapima mara tatu," alisema. "Mwalimu na kaka yake. Tano kwa kumi."

"Mara ya kwanza haikukutosha?"

"Ilinitosha Profesa. Sikuipenda tu."

Mwalimu alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne, anafundisha hisabati, amelazwa kitanda cha dirishani. Limfoma ilikuwa imemrudia mara ya pili na dawa zilikuwa zimeishiwa ujanja. Kilichobaki ni uboho wa ndugu, na ndugu alikuwa mmoja tu, kaka yake kinyozi, aliyekuja kupimwa amevaa shati la sikukuu. Bila uboho, mwalimu alikuwa na miezi, wala si mingi.

"Nusu hatupandikizi," Profesa alisema, akavua miwani. "Unajua."

"Najua."

Profesa alikwenda mwenyewe kumwambia mwalimu. Habari mbaya hakuwahi kumtuma mtu mwingine, na kwa hilo peke yake Shangazi alimvulia kofia. Alimsubiri nje ya mlango, akasikia mwalimu akiuliza swali moja tu, kama wapo waliowahi kupandikizwa nusu. Profesa akajibu kwamba walikuwepo watatu, na kwamba walikufa wote.

Watatu hao ndio walioijenga ile makala. Miaka kumi na minane nyuma, wakati kipimo kilikuwa bado kile cha kizamani cha kukisia kwa kutazama, wagonjwa arobaini na mmoja walikuwa wamepandikizwa uboho wa ndugu zao wakidhaniwa wote wanalingana. Watatu walikufa vibaya, wameshambuliwa ngozi na matumbo, na hakuna aliyejua kwa nini. Mashine mpya ilipokuja, Profesa alimwambia Shangazi apime upya damu zote zilizotunzwa kwenye friza. Shangazi alizipima wiki sita. Wale watatu wakatoka nusu, wengine wote kumi kwa kumi. Jambo lilikuwa jeupe kiasi kwamba Profesa alicheza pale pale katikati ya maabara, na yeye hajui kucheza. Tangu hapo, hospitali ile na nyingine nyingi ziliweka sharti: kumi, au usijaribu.

Shangazi hakuweza kuliacha. Kesho yake alishuka stoo, akalitoa daftari la sampuli la mwaka ule, akaketi juu ya kreti iliyopinduliwa. Nia yake ilikuwa kuwatazama tena wale watatu, labda kulikuwa na kitu kingine kilichowaua, kitu ambacho mwalimu hana. Hakukipata. Kidole chake kilikuwa kinateremka tu ukurasa, bila kutafuta kitu, kilipofika mstari wa ishirini na tatu kikasimama.

Mwandiko ulikuwa wake. Kichupa cha zamani kimepasuka, damu imekauka. Damu mpya imeletwa kutoka wodini, mwezi wa sita.

Aliutazama mstari ule mpaka macho yakamuuma. Mgonjwa wa ishirini na tatu alikuwa amepandikizwa mwezi wa pili.

Mtu mwingine angepita hapo bila kuona kitu. Fundi wa ulinganifu hawezi, kwa sababu anajua kitu ambacho wengi hawakijui: uboho ndio kiwanda cha damu. Aliyepandikizwa uboho wa kaka yake, baada ya miezi minne damu inayotembea mwilini mwake ni ya kaka yake. Ukiipima ukailinganisha na ya kaka, lazima utapata kumi kwa kumi, maana umempima mtu mmoja mara mbili. Shangazi alikuwa ameomba damu wodini, ameletewa, amepima kwa uangalifu wote aliojaliwa, na hakumpima mgonjwa kabisa.

Sasa, tusimfanye malaika. Alilifunga daftari. Alikaa pale juu ya kreti akapiga mahesabu ya mwanadamu: miezi mitatu ya kustaafu, kitabu kiko mtamboni, mstari mmoja kati ya arobaini na mmoja, na anayejua ni yeye na panya wa stoo. Aliwaza Profesa akisimama mbele ya wenzake kueleza kwamba fundi wake alipima mtu asiyehusika. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Halafu alimkumbuka mwalimu akiuliza lile swali moja, na jibu alilopewa, wote watatu. Inawezekana walikuwa wanne. Wa nne, huyo wa ishirini na tatu, hakufa, alikuwa seremala mtaa wa tatu kutoka hospitalini, anatengeneza vitanda.

Alipanda ngazi na daftari kifuani. Profesa alikuwa anasahihisha makala ya mtu kwa kalamu nyekundu, na Shangazi hakusubiri aambiwe akae. Alisema yote kwa pumzi moja, kichupa, wodi, mwezi wa pili, mwezi wa sita, akaweka daftari mezani na kidole juu ya mstari.

Profesa alisoma. Akasoma tena. Akatoa kalenda ya zamani kwenye jalada la mgonjwa, akalinganisha tarehe.

"Nani mwingine anajua?" aliuliza mwisho.

Miaka ishirini na sita Shangazi alikuwa amemweka mtu huyu juu, na sasa akaona anakuja kumwambia afunge mdomo. "Hakuna mtu," alijibu.

"Basi waite. Wote, mpaka wale wa friza. Nataka walisikie kabla ya saa sita, na walisikie kwangu." Akainua macho. "Mbona unalia Shangazi?"

"Makala yako, Profesa."

"Makala yangu ina kosa, sasa tunajua liko wapi. Ulitaka tulijue lini, tukishakufa?"

Shangazi alijipangusa kwa kanga aliyojitanda begani, akacheka na kulia pamoja. Mama Tezi yule yule aliyempapasa bwana harusi. Alimpenda siku ile kuliko siku zote.

Lakini dhana si kipimo. Damu ya seremala isingesaidia tena, ilikuwa ya kaka yake na ingebaki ya kaka yake. Ilitakiwa sehemu ya mwili ambayo uboho hauigusi, na kucha za mtu hubaki zake. Mchana huo huo walikwenda wote wawili karakana kwake. Seremala alikuwa mtu mnene mwenye vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi, na kwa fahari ya kuwamo kwenye makala alikuwa amejiandikia mlangoni kwa rangi nyekundu: Ishirini na Tatu.

"Mnataka nini?" aliuliza, hakuamini masikio.

"Kucha," alisema Profesa. "Za vidole vyote kumi, na za miguu ukiwa nazo."

"Mama, mimi watu wanaotaka kucha za watu nawajua, na hawatoki hospitali."

"Na nywele kidogo," Shangazi aliongeza, "zenye mizizi."

"Haya, sasa bado jina la mama yangu mzazi," seremala alisema, lakini alikuwa ameshakaa kwenye benchi anavua viatu. Profesa alimweleza kila kitu huku anamkata kucha kwa mkono wake, amepiga magoti kwenye vumbi la mbao, mtu wa makala mia moja na kumi na mbili. Alimwambia kwamba labda miaka yote hii walikosea juu yake, na kwamba ana haki ya kukataa.

"Nikiwa nusu, kuna mtu itamfaa?"

"Huenda. Siwezi kukuahidi."

"Kata na hizi ndogo."

Shangazi alipima kwa siku nne. Kila hatua alimwita kijana wa mashine asimame pembeni asome tarehe na majina kwa sauti, na kijana hakuthubutu kulalamika. Jibu lilipotoka alikwenda nalo ofisini hatembei wala hakimbii. Seremala na kaka yake walikuwa tano kwa kumi.

"Basi kwa nini yuko hai?" Profesa aliuliza. Hakuwa anamuuliza Shangazi, alikuwa analiuliza jalada.

Jalada lilijibu, kwa mwandiko wa Profesa mwenyewe. Kulikuwa na dawa moja kali ambayo wagonjwa wote walipewa kabla ya kupandikizwa. Ya seremala haikuwepo bohari wiki ile. Ilipatikana uboho wa kaka umeshaingia, na Profesa, kwa kutotaka kupoteza nafasi ya kumalizia saratani iliyobaki, alimpa siku ya tatu na ya nne baada ya kupandikizwa. Dawa ile huua chembe zinazozaliana kwa kasi. Na siku ya tatu na ya nne, chembe za mgeni zinazozaliana kwa kasi ni zile zilizoamka na hasira, ziko tayari kuushambulia mwili. Zile tulivu, zinazojenga damu, zilikuwa bado zimelala, na dawa ilizipita.

"Kuna wenzetu wameandika haya," Profesa alisema taratibu. "Wanaitoa kwa makusudi, siku hizo hizo. Nimezisoma makala zao zote, nikaziwekea alama za kuuliza pembeni. Nilisema, mimi kwangu sijaona hata mmoja." Alilifunga jalada. "Na nilikuwa naye. Miaka kumi na minane namwita kila mwaka, namshika shingo, namwambia nenda salama."

Hapo ndipo Shangazi alipomwona akilia, kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Haikuchukua hata dakika. Akavaa miwani akaomba karatasi.

Barua ya masahihisho kwa jarida aliiandika siku hiyo. Aliandika kwamba matokeo ya mgonjwa wa ishirini na tatu si sahihi, kwamba yeye mwenyewe hakuuliza tarehe ya damu, na kwamba kosa ni lake. Shangazi alisoma akairudisha mezani.

"Kosa ni langu. Umeniibia."

"Makala ina jina langu juu. Sifa zilikuja kwangu, na hili linakuja kwangu."

"Basi weka na langu. Miaka ishirini na sita yote sikuomba, leo naomba."

Walibishana karibu nusu saa kama mawifi, na Shangazi alishinda, kama kawaida ya mashangazi. Hivyo ndivyo jina lake lilivyochapwa kwenye jarida mara ya kwanza, chini ya habari ya kosa lake mwenyewe. Mpaka leo amelitundika ukutani, wala haoni haya. Kitabu cha chuo kilitolewa mtamboni, kikasubiri mwaka mzima. Kamati ya upandikizaji ilikaa vikao viwili, ikasema ndiyo, kama mgonjwa mwenyewe ataambiwa ukweli wote.

Profesa alikwenda kumwambia, na safari hii alimvuta Shangazi waingie pamoja. Mwalimu alikuwa amekonda, lakini mapajani alikuwa na rundo la madaftari ya wanafunzi anayasahihisha. Profesa, ambaye hakuwahi kukaa kitandani kwa mgonjwa, alikaa.

"Nilikuambia watatu walikufa wote," alisema. "Nilikosea. Walikuwa wanne, na mmoja yuko hai. Alipona kwa sababu dawa ilichelewa, na sisi hatukujua. Sasa tunataka kuichelewesha kwa makusudi. Wapo wengine huko nje wamefanya hivyo na baadhi wamepona, lakini wangu mimi, niliyemshika kwa mkono, ni huyo mmoja. Unaweza kufa kwa tiba hii. Sikufichi."

Mwalimu aliweka kalamu chini. "Wiki tatu zilizopita ulikuwa na wangapi?"

"Sifuri."

"Na leo mmoja."

"Mmoja tu."

"Profesa, mimi nafundisha hesabu," mwalimu alisema. "Sifuri ukiizidisha mara zozote utakazo, inabaki sifuri. Mmoja tunaanza naye. Mwiteni kaka yangu."

Alipandikizwa, na haikuwa rahisi, nisikudanganye. Homa ilimchezea wiki mbili, ngozi ya viganja ilibambuka, na kuna Jumapili ambayo kaka yake kinyozi aliombwa aje haraka. Shangazi alistaafu katikati ya hayo, akakataa keki ya kumuaga, akaendelea kuja kila asubuhi kama vile hajasikia.

Miaka mitatu baadaye, saa nne asubuhi, mtu alibisha mlangoni kwa Shangazi. Alikuwa mwalimu, amenenepa, nywele zimejaa, mkononi ana jarida lenye makala mpya ya Profesa. Ilikuwa ya wagonjwa kumi na mmoja waliopandikizwa nusu, na jina la Shangazi lilikuwa la pili kutoka juu. Mwalimu aliketi, akataka aonyeshwe mstari wake kwenye jedwali. Shangazi alimwonyesha: wa kwanza. Mwalimu alipitisha kidole mpaka mwisho wa mstari, akasoma neno lililokuwepo.

"Hai," alisema.

Shangazi alidhani atalifunga jarida hapo. Mwalimu alihesabu chini kwa kidole. Saba walikuwa na neno hilo, na wanne hawakuwa nalo.

"Hawa wanne uliwafahamu?"

"Wote. Mmoja alikuwa anaimba."

"Basi niambie habari zao," mwalimu alisema, akavua viatu, akajiweka sawa kwenye kiti. "Anza na huyo aliyekuwa anaimba. Sina darasa leo."